Maji ya Uti wa Mgongo na Ugonjwa wa Kusahau

Mzee anatoka shambani, hakumbuki njia ya nyumbani. Bibi anauliza jambo lile lile mara tano. Majirani wananong'ona: "Amerogwa." Wengine husema yeye ndiye mchawi. Maneno hayo si kweli, tena ni ya hatari kwa wazee wetu. Kusahau namna hiyo ni ugonjwa wa ubongo.

UGONJWA WENYEWE

Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza ugonjwa huu. Alipochunguza ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki, aliona mabonge madogo na nyuzi zilizosokotana. Leo tunajua kuwa mabonge hayo ni ya protini iitwayo amiloidi. Nyuzi ni za protini iitwayo tau.

MAJI YANAONYESHA NINI?

Ubongo na uti wa mgongo vimezungukwa na maji maangavu. Mtu mzima ana kiasi cha mililita 150, karibu nusu chupa ya soda. Amiloidi ikiganda ubongoni, hupungua katika maji hayo. Ni kama mfereji: matope yakinasa juu, machache hufika chini. Lakini tau huongezeka, kwa sababu ubongo unaharibika.

Mwaka 2006 wataalamu wa Malmö, Sweden, walieleza habari za watu 137 walioanza kusahau. Waliwapima maji, kisha wakawafuatilia kwa miaka 4 na zaidi. Watu 57 walipata ugonjwa wa Alzheimer. Watu 21 walipata magonjwa mengine ya kupotewa na akili. Watu 56 hawakuzidiwa. Karibu wote katika wale 57, maji yao yalikuwa yameonyesha dalili tangu mwanzo.

Basi, si kila anayesahau atapotewa na akili.

JE, SINDANO HUPOOZESHA?

Wengi huogopa kutolewa maji mgongoni. Uti wa mgongo huishia juu kidogo ya kiuno. Sindano huchomwa chini ya hapo, haiugusi uti. Wengine huumwa kichwa siku chache. Mwili hutengeneza maji mapya, kama nusu lita kila siku. Kwa hiyo, mtoto akishukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, usikatae kipimo. Kuchelewa huua.

TUFANYE NINI?

Kipimo cha tau hakipo zahanati. Hata hivyo, mlete mzee mapema. Kusahau kwingine hutibika, kama kunakotokana na kaswende, huzuni nzito au upungufu wa vitamini. Ugonjwa wa Alzheimer hauna dawa ya kuuponya, lakini mgonjwa hutunzwa. Usimgombeze. Mpe kazi nyepesi. Asiende mbali peke yake.

MASWALI

1. Amiloidi hupungua katika maji kwa sababu gani?
2. Kwa nini sindano haigusi uti wa mgongo?
3. Kijijini kwenu mzee anayesahau husemwaje? Jadilini.