Cha Kuogopwa ni Maji: Somo kwa Waendeshaji wa Vyombo vya Umeme Msimu wa Mvua

Kila msimu wa mvua unapokaribia, askari wetu wa usalama barabarani hujua mapema ni wapi watakesha. Kampala imejengwa juu ya vilima, na maji ya vilima hivyo hayana pa kwenda ila mabondeni: Bwaise, Kalerwe, na kandokando ya mfereji wa Nakivubo unaoyapeleka Ziwa Victoria. Nje ya jiji hali haina tofauti kubwa. Mwezi Mei 2023 mto Katonga ulifurika ukaharibu barabara kuu ya Kampala hadi Masaka, barabara ikafungwa, na magari yakalazimika kuzunguka njia ndefu. Huko Kasese, mto Nyamwamba unaoshuka kutoka milima ya Ruwenzori ulifurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ukiteremsha mawe na kubomoa makazi ya watu.

Mafuriko, basi, si jambo geni kwetu. Kilicho kigeni ni chombo tunachokipeleka ndani yake. Gari la umeme la Kiira EV, lililobuniwa katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011, lilitazamwa na wengi kama maonyesho ya wasomi. Leo mabasi ya umeme ya Kayoola yanabeba abiria, boda boda za umeme zinapita mitaani bila mlio, na watu binafsi wanaagiza magari ya umeme yaliyokwisha kutumika ng'ambo. Kwa hiyo swali limekuwa la kila siku: je, chombo cha umeme kikikutana na maji mengi, itakuwaje?

Majibu mawili yamezagaa. Wa kwanza husema kwamba gari la umeme likiingia majini litawapiga shoti wote waliomo na wote walio karibu. Wa pili husema kwamba gari hilo halina injini ya kuzimika, hivyo linaweza kuvuka popote. Jibu la kwanza huwazuia majirani kuokoa watu. Jibu la pili huwapeleka madereva kwenye maafa. Somo letu la leo linayapima yote mawili.

Umeme umefungiwa wapi?

Betri kubwa ya gari la umeme hukaa chini ya sakafu, ndani ya sanduku lililozibwa ili maji na vumbi visiingie. Betri nyingi hupewa alama ya IP67. Tarakimu ya 6 maana yake ni kwamba vumbi haliingii. Tarakimu ya 7 maana yake ni kwamba kifaa kiliweza kuzamishwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila kudhurika. Aidha, mkondo wa umeme wa betri hiyo haukuunganishwa na bodi ya gari. Mitambo ya gari huchunguza wakati wote kama umeme unavuja, na ikigundua hitilafu huikata betri isipeleke umeme nje. Ndiyo sababu kugusa bodi ya gari la umeme lililokwama majini hakumwongezei mtu hatari ya kupigwa na umeme wa betri.

Jambo hili tunataka lifahamike vizuri kwa kila mwananchi. Ukimwona mtu amenaswa ndani ya gari la umeme, usisimame ukingoni kwa kuogopa shoti. Msaidie kama ambavyo ungemsaidia aliye katika gari la petroli, maadamu maji yenyewe hayatakuchukua wewe. Jiepushe tu na kebo nene za rangi ya machungwa, maana hizo ndizo zinazobeba umeme mkubwa, na usiguse betri iliyopasuka. Nguzo ya umeme au waya ulioangukia majini ni habari nyingine kabisa: hapo usisogee, uwazuie na wengine.

Lakini tusisahau kwamba alama ya IP67 hutolewa kwa kifaa kipya, katika maji yaliyotulia. Gari lililotembea miaka 10, likagonga matuta na mawe ya barabara za murram, huenda mpira wake wa kuzibia umechoka au sanduku lake limepata ufa usioonekana. Anayenunua gari lililotumika ananunua pia historia yake asiyoijua.

Kosa la gari lisilozimika

Injini ya petroli huvuta hewa. Ikivuta maji, pistoni hushindwa kuyabana, na injini hukwama, mara nyingi ikiwa imevunjika. Dereva hulalamika, lakini kuna faida moja ndani ya hasara hiyo: gari mara nyingi huzima mapema, likiwa bado karibu na ukingo. Gari la umeme halivuti hewa ya kuchomea mafuta. Mota huendelea kuzunguka hata maji yanapopanda, na dereva huendelea kusonga mbele akiamini kwamba yuko salama kwa sababu hakuna kilichozima.

Hapo ndipo penye mtego. Kinacholichukua gari katika mafuriko si kuzimika kwa injini. Ni maji kulinyanyua na kulisukuma. Wataalamu wa hali ya hewa wamekuwa wakitoa vipimo vitatu ambavyo tunawaomba mvikariri. Maji yaendayo kasi ya kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kulichukua gari dogo. Sentimita 60 zinaweza kuyachukua hata magari makubwa ya familia na pikapu.

Wapo wanaosema kwamba gari la umeme ni zito kwa sababu ya betri, kwa hiyo halielei. Tufanye hesabu. Chukua gari lenye sakafu ya upana wa mita 1.7 na urefu wa mita 4. Eneo lake linakaribia mita 7 za mraba. Maji yakipanda sentimita 1 juu ya usawa wa sakafu, hulisukuma gari kwenda juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 70 hivi. Tuseme betri imeliongezea gari kilo 300. Uzito huo wote unafutwa na maji yasiyofika sentimita 5. Yaani faida ya betri nzima ni ndogo kuliko upana wa kiganja. Nayo matairi hupoteza mshiko muda mrefu kabla gari halijaelea.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Usiku, katika maji ya matope, dereva haoni kama kalavati bado lipo au limekwisha kubebwa. Anaona uso wa maji tu, nao ni tambarare daima.

Kanuni za barabarani

Kwanza, maji yanayokwenda kasi barabarani usiyaingie, hata kama gari la mbele yako limevuka. Lile lilipita juu ya barabara iliyokuwapo dakika ile.

Pili, maji yaliyotulia usiyaingie isipokuwa unaona ardhi au alama za barabara, na kina hakizidi sentimita 15, yaani juu kidogo ya kifundo cha mguu. Nenda polepole kama mtu atembeaye, bila kusimama. Jiwe au shimo lililofichwa na maji linaweza kulipasua sanduku la betri.

Tatu, mvua inaponyesha, kumbuka tabia za chombo chako. Mota ya umeme hutoa nguvu yake mara moja, kwa hiyo ukikanyaga ghafla kwenye utelezi matairi yatazunguka bure. Ukiinua mguu ghafla, mota hugeuka kuwa breki ili kurudisha umeme kwenye betri, nayo matairi yanaweza kuteleza. Kama gari lako linaruhusu, punguza nguvu ya breki hiyo. Ukishatoka majini, kanyaga breki ya kawaida taratibu mara kadhaa ili ikauke.

Nne, waenda kwa miguu hawakusikii, hasa mvua ikipiga mabati na miavuli. Washa taa, punguza mwendo.

Tano, gari likianza kusukumwa au maji yakipanda, usisubiri. Fungua mkanda, fungua dirisha upesi wakati umeme wa madirisha bado unafanya kazi, watoe watoto kwanza, mwende mahali pa juu. Magari mengine yana vitasa vya umeme. Jifunze leo, ukiwa nyumbani, mahali kilipo kitasa cha mkono cha kufungulia mlango, na uwaonyeshe wote unaowabeba. Kisha piga simu 999 au 112.

Maji yakishapungua

Sasa hofu ibadilike. Wakati wa mafuriko tulisema ogopa maji. Mafuriko yakiisha, ogopa betri iliyolowa. Maji yaliyopenya ndani huweza kuunganisha sehemu zisizopaswa kukutana, na moto ukatokea baada ya saa, siku au hata wiki kadhaa. Huko Florida, Marekani, baada ya kimbunga Ian cha mwaka 2022, magari ya umeme yaliyokuwa yamezamishwa na maji ya bahari yaliwaka moto baadaye. Maji ya chumvi ni mabaya zaidi kuliko ya mito yetu, lakini matope na maji machafu nayo si ya kudharauliwa.

Kwa hiyo gari lililozama usiliwashe na usilichaji. Liwekwe mahali pa wazi, angalau mita 15 kutoka kwenye nyumba na magari mengine, mpaka fundi mwenye ujuzi wa magari ya umeme alikague. Likivutwa, magurudumu yote yainuliwe, kwa kuwa yakizunguka mota inaweza kuzalisha umeme. Ukiona moshi, ukinusa harufu kali, au ukisikia mlio wa kuchemka au kupasuka, waondoe watu na uite kikosi chetu cha Zimamoto. Moto wa betri hutaka maji mengi sana na huweza kurudi baada ya kuonekana umezimika.

Kwenu ndugu zetu wa boda boda tuna ombi la pekee. Tunajua kwamba betri iliyolowa inaweza kumletea mwendeshaji gharama, na siku moja bila kazi ni siku moja bila chakula nyumbani. Hata hivyo, betri iliyozama usiirudishe kimya kimya kwenye kituo cha kubadilishia, wala usiiingize chumbani mnamolala watoto. Mwambie mhudumu ukweli. Mwenzako atakayeikalia betri hiyo kesho hana namna nyingine ya kujua. Vivyo hivyo kwa mwenye gari: kuliuza gari lililozama bila kumwambia mnunuzi ni kumuuzia mtu hatari iliyofichwa.

Maswali ya kujadiliana

Tunawaomba wenyeviti wa LC1 na viongozi wa steji wayapitie maswali haya na wananchi kabla mvua hazijakolea.

1. Katika eneo letu, ni makalavati gani hufunikwa na maji, na nani atakayewazuia magari usiku?
2. Kwa nini gari lisilozimika linaweza kuwa hatari zaidi kwa dereva asiye na subira?
3. Je, kila mwenye chombo cha umeme hapa ana mahali pa wazi pa kukiweka kikizama?
4. Tutamsaidiaje mwendeshaji maskini aseme ukweli kuhusu betri iliyolowa?

Ndugu wananchi, askari anayekusimamisha mbele ya maji hataki kukuchelewesha. Naye amelowa kama wewe, na nyumbani kwake wanamsubiri. Amesimama pale ili asilazimike kukutafuta kesho yake asubuhi mtoni. Ukimwona ameinua mkono, geuza gari. Kawia ufike.