Mvuke wa Petroli Hufuata Njia ya Waya

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, Kivu Kusini nchini Kongo, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira, na moto wake ukaua watu zaidi ya 230. Mwenye kituo cha mafuta upande wa Nyantende, karibu na Bukavu, hahitaji kuelezwa petroli inaweza kufanya nini. Lakini wengi hudhani hatari imekwisha tangi likishafukiwa. Kisha anaitwa fundi kufunga sensa ya kupima kina cha mafuta au kugundua uvujaji, naye anachimba mfereji na kulaza bomba la nyaya kutoka kwenye tangi hadi chumba cha mhasibu.

Bomba hilo ndilo la kuogopwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Hutuama kwenye shimo la kichwa cha tangi, huingia bombani, na kutokeza chini ya meza yenye kompyuta na soketi. Ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa, cheche ndogo inatosha. Kwa hiyo bomba lizibwe kwa kiungo maalumu cha kuzuia mvuke, kilichojazwa saruji yake: kimoja upande wa tangi, kingine kabla ya kuingia jengoni. Matambara na silikoni havifai.

Waya za sensa zisipite bomba moja na waya za pampu au taa. Sensa ya tangini hutumia umeme mdogo mno, usioweza kuwasha mvuke, na kifaa kinachoubana huwekwa ndani ya jengo, nje ya eneo la hatari. Waya wa pampu ukichubuka na kuugusa wa sensa, ulinzi wote huo umepotea. Viungio vya waya shimoni vifunikwe kwa gundi ya kuzuia maji, kwani mvua za huku hujaza mashimo.

Kabla ya kugusa chochote, zima umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na pia funga jenereta kwa kufuli. Mara nyingi mlinzi, akiona giza, huiwasha kwa nia njema huku fundi ameshika waya. Pima mvuke kwa kifaa chake, acha simu mbali, wala usiingie tangini.

Waya wa ardhi nao ni wa lazima hapa kuliko karibu popote. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa 2016 uliitaja Kabare, huku kwetu Kivu Kusini, kuwa ya kwanza Afrika kwa radi, takriban miale 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Duniani ilitanguliwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Weka kinga ya radi kwenye waya za sensa, na uunganishe ardhi ya kifaa kinachobana umeme wa sensa na ile ya ubao mkuu wa umeme kwa waya mnene, ukinzani wa waya huo usizidi omu 1. Nguzo ya ardhi nayo uipime upya kila kiangazi, udongo unapokauka, maana hapo ndipo ukinzani wake hupanda.