Sumu Inayokula Kumbukumbu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya ni kwenu mnaopiga dawa nyanya Isinya na Kimana, na nyinyi wenye mifugo kuanzia Kitengela hadi Namanga.

FANYA

Vaa glavu, gambuti na ovaroli. Baadhi ya dawa za wadudu na kupe ni za kundi la oganofosfeti, na hizo hazihitaji kumezwa. Hupita kwenye ngozi. Zikifika kwenye damu huzima kolinesterasi, kimeng'enya kinachotuliza neva. Mate, jasho, kutetemeka: hayo mnayajua. Madhara ya miaka mingi ndiyo hamtaki kuyaona. Mchungaji aliyemjua kila mbuzi kwa rangi sasa hajui nani hajarudi bomani. Anatumwa sukari na chumvi, analeta sukari. Mnasema ni uzee, na hajafika arobaini!

Piga dawa alfajiri. Upepo wa mchana wa Kajiado utakurudishia usoni.

Oga kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Mtu akizidiwa, mpeleke hospitali na chupa ya dawa ikiwa na lebo yake. Daktari akijua sumu ni ipi hapotezi muda kukisia.

Anayepiga dawa kila wiki apimwe kolinesterasi ya damu kabla ya msimu. Bila kipimo cha kwanza, cha pili hakina cha kulinganishwa nacho.

USIFANYE

Usipulize nozeli kwa mdomo ikiziba. Chukua kijiti. Kila msimu naona mtu mzima akiinyonya kama filimbi.

Usinywe maziwa eti yaoshe sumu. Hayaoshi. Yanakuchelewesha njiani.

Usimimine dawa kwenye chupa ya soda, wala usichotee maji kwa mtungi wa dawa. Hata ukiusuuza mara kumi.

Usimpe mtoto bomba la dawa. Ubongo wake ungali unajengwa, na kinachoharibika sasa atakikosa darasani.

Sumu si ya dawa peke yake: usivunje betri kuukuu za gari au sola nyumbani. Risasi iliyomo hupunguza umakini wa mtoto bila homa wala maumivu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza 2007 na kufungwa 2014. Mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, watoto wakiwa wameshadhurika. Ukinunua ploti Kitengela palipokuwa na kazi ya betri, pima udongo kabla hujachimba msingi.