Ukishikilie au Uishikilie? Upatanisho wa Ngeli katika Maelekezo ya Kuoanisha Rimoti

IKISIRI

Makala hii inachunguza lugha ya maelekezo ya kuoanisha rimoti na kifaa cha kutiririshia picha, pamoja na msamiati unaotumika rimoti inapogoma. Inadaiwa hapa kwamba sehemu ya matatizo yanayohesabiwa kuwa ni ya ufundi ni matatizo ya sarufi, hususan kudondoshwa kwa kiambishi cha yambwa. Aidha, inaoneshwa kuwa uteuzi kati ya istilahi rimoti na kidhibiti mbali una athari katika upatanisho wa ngeli, jambo ambalo waundaji wa istilahi hawana budi kulizingatia.

1.0 Utangulizi

Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikaipata mwaka 1994, vituo vya binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Mwaka 2013 mitambo ya analojia ilizimwa mjini Moshi, na nyumba nyingi zikalazimika kununua king'amuzi. Neno hilo, lililoundwa kutokana na kitenzi ng'amua, lilienea kwa haraka. Sasa kifaa kingine kimeingia sebuleni: kijiti au kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye runinga na kuleta picha kwa njia ya intaneti.

Kitendo cha kifaa hicho huitwa kutiririsha. Msomaji anayeijua miteremko ya Kilimanjaro hatapata taabu na istilahi hii. Maji ya mfongo hayawekwi kwanza katika tangi ndipo yatumiwe. Hutumiwa yakiwa yanapita, na yakizibwa huko juu, shamba la chini hukauka papo hapo. Vivyo hivyo, picha inayotiririshwa hutazamwa kadiri inavyowasili. Istilahi hii basi imebeba dhana yake barabara. Kama tutakavyoona, si istilahi zote za uwanja huu zenye bahati hiyo.

2.0 Tukio la Marangu

Uchunguzi huu ulianzia katika simu niliyopigiwa na mama yangu mzazi, anayeishi peke yake Marangu. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi; runinga iliwaka, lakini rimoti ya kijiti haikufanya lolote. Nikamwambia kwa adabu inayostahili: “Mama, naomba ubonyeze kitufe chenye picha ya nyumba, halafu ushikilie.” Akajibu kuwa amebonyeza na ameshikilia. Tukarudia mara nne bila mafanikio. Mwishowe nikamwuliza ameshikilia nini. “Si rimoti, mwanangu? Nimeishika kwa mikono miwili.”

Mama hakukosea. Alibonyeza kitufe, akakiachia, kisha akaishikilia rimoti kwa nguvu, na sentensi yangu iliruhusu tafsiri hiyo kikamilifu. Aliyekosea ni mwanaisimu.

3.0 Oanisha na Unganisha

Kabla ya kulichambua kosa hilo, ni vema dhana yenyewe ieleweke. Rimoti ziko za aina kuu mbili. Ya kwanza hutumia miale ya infraredi: hurusha mapigo ya mwanga usioonekana kwa jicho, nayo runinga huyapokea iwapo hakuna kizuizi kati yao. Rimoti hii haimjui mpokeaji wake. Inachorusha huweza kupokewa na kifaa chochote kinachoielewa lugha yake. Ya pili hutumia mawimbi ya redio, mara nyingi Bluetooth katika masafa ya gigahezi 2.4. Hiyo haihitaji kuelekezwa kwenye runinga, lakini sharti kwanza itambulishwe kwa kifaa chake. Katika utambulisho huo vifaa viwili hupeana funguo za siri, na kila kimoja humhifadhi mwenzake katika kumbukumbu.

Watafsiri wa programu za simu wamekiita kitendo hicho kuoanisha. Mazungumzoni husikika zaidi kuunganisha, au kukonekti. Vitenzi vyote viwili vya Kiswahili vina umbo moja la mnyambuliko: mzizi, kiambishi cha kutendana -an-, kisha cha kutendesha -ish-. Tofauti iko katika mizizi. Unga hueleza kuweka vitu pamoja, na vilivyoungwa huweza kutengana na kuungwa tena mara nyingi. Oa hueleza uhusiano unaodumu hata wahusika wanapokuwa mbalimbali. Hii ndiyo tofauti ya kiufundi inayotakiwa. Rimoti huoanishwa mara moja. Baada ya hapo huungana na kifaa chake kila inapotumiwa.

Zaidi ya hayo, oa chenyewe hakina usawa, kwa kuwa mmoja huoa na mwingine huolewa. Kiambishi -an- huondoa tofauti hiyo na kuwafanya wote wawili kuwa watenda na watendwa kwa pamoja, kama inavyotakiwa pale kila kifaa kinapopaswa kumkumbuka mwenzake. Ndiyo maana rimoti iliyosahauliwa na kijiti haifanyi kazi hata ikiwekewa betri mpya. Kwa kanuni iyo hiyo, kinyume cha kuoanisha chaweza kuwa kuachanisha, kutoka acha na achana.

4.0 Bonyeza na Shikilia

Tofauti ya muda katika kubonyeza kitufe ni tofauti ya maana. Kwenye rimoti ya Fire TV ya Amazon, kitufe cha nyumba kikibonyezwa na kuachiwa humrudisha mtazamaji mwanzo. Kikibonyezwa kwa sekunde 10 hivi huanzisha uoanishaji. Katika rimoti za Roku zinazooanishwa, kuna kitufe maalumu, mara nyingi ndani ya sehemu ya betri, kinachobonyezwa kwa sekunde 5 hivi hadi taa ianze kuwaka na kuzima. Urefu huo umewekwa makusudi ili mtu asiuanzishe uoanishaji kwa bahati mbaya.

Kitenzi bonyeza hakielezi muda. Mzigo wa muda hubebwa na shikilia, kitenzi kilichojengwa kwa kurudia kauli ya kutendea (shika, shikia, shikilia) na chenye maana ya kutoachia. Lakini shikilia ni kitenzi elekezi: huhitaji yambwa. Maelekezo mengi husema “bonyeza kitufe na ushikilie”, yakiiga muundo wa lugha yalikotafsiriwa, ambako yambwa moja hutosha kwa vitenzi viwili. Kiswahili kina chombo cha kuondoa utata huo, nacho ni kiambishi cha yambwa. Tulinganishe:

(a) Bonyeza kitufe cha rimoti, ushikilie.
(b) Bonyeza kitufe cha rimoti, ukishikilie.
(c) Bonyeza kitufe cha rimoti, uishikilie.

Sentensi (a) ina utata. Katika (b), -ki- hurejelea kitufe peke yake; katika (c), -i- hurejelea rimoti. Silabi moja ingetuokoa, mama na mimi, kutokana na majaribio manne.

Sasa tubadilishe istilahi moja tu:

(d) Bonyeza kitufe cha kidhibiti mbali, ukishikilie.

Utata umerudi, kwa sababu kitufe na kidhibiti vyote vimo katika ngeli ya KI-VI. Hali ni hiyo hiyo tukitumia kitenzambali. Tatizo hili si la bahati mbaya. Ngeli ya KI-VI ndiyo makazi ya majina ya ala, na waundaji wa istilahi huikimbilia: kitufe, kifaa, kijiti, kisanduku, king'amuzi. Kila istilahi ikichunguzwa peke yake, ni nzuri. Zikikutana katika sentensi moja ya maelekezo, upatanisho hupoteza uwezo wake wa kupambanua. Maneno mengi ya kutoholewa, kama rimoti, betri na runinga iitwapo televisheni, huingia katika ngeli ya I-ZI, na hivyo huzigawa nomino katika ngeli tofauti. Hii ni faida ya utohoaji ambayo haipewi uzito katika mijadala yetu, inayoelekea zaidi kwenye usafi wa lugha.

5.0 Msamiati wa Hitilafu

Lugha ya kila siku ina vitenzi vitatu vinavyoweza kumwongoza fundi, iwapo maana zake zitapambanuliwa. Rimoti imekufa, imegoma, au haishiki.

Imekufa tuiweke kwa rimoti isiyo na uhai wowote, hata taa yake, kama inayo, haiwaki. Hapo huanza betri: zibadilishwe zote kwa pamoja na kuangaliwa pande zake. Rimoti ya infraredi hupimwa kwa kuielekeza kwenye kamera ya simu. Katika kamera nyingi mwanga wake huonekana kitufe kinapobonyezwa.

Kugoma ni kukataa kazi ilhali uwezo upo. Rimoti ni nzima lakini kifaa hakiitikii, kwa kuwa ama kimekwama ama kimemsahau mwenziwe. Kijiti kichomolewe kwenye umeme kwa dakika moja hivi, kirudishwe, na kikishawaka, uoanishaji urudiwe rimoti ikiwa karibu nacho. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya Marangu.

Kutoshika ni kufanya kazi kwa vipindi. Sababu huwa ni umbali, betri zinazokaribia kuisha, au mawimbi ya Wi-Fi yanayotumia masafa hayo hayo ya gigahezi 2.4. Kijiti kilichobanwa nyuma ya runinga huzibwa pia na runinga yenyewe. Kamba fupi ya HDMI inayokisogeza pembeni aghalabu hutosha.

Mtu akiuliza kwa simu “imekufa, imegoma, au haishiki?”, na wote wawili wakaafikiana juu ya maana hizo, nusu ya kazi imekwisha.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonesha kuwa kuoanisha ni istilahi sahihi na itofautishwe na kuunganisha. Kuwa kiambishi cha yambwa kisidondoshwe katika maelekezo. Na kuwa istilahi mpya ipimwe ndani ya sentensi itakamotumika, si katika orodha peke yake. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na vyuo vyetu vingeweza kukifanya kipimo hicho kuwa sehemu ya kazi ya usanifishaji.

Wanafunzi wa uzamili wanahimizwa kuupeleka uchunguzi huu katika matini nyingine za maelekezo, hasa ya matumizi ya dawa, ambako kidonge, kijiko, kifuniko na kipimo vyote vimo katika KI-VI. Mama yangu alikosa taarifa ya habari ya jioni moja. Mgonjwa anayesoma “kijaze kisha ukinywe” anaweza kukosa zaidi ya hapo.

Siku ile nilimwambia hatimaye: “Mama, ukibonyeze kitufe cha nyumba, usikiachie, mpaka nikuambie.” Nikahesabu hadi 10. Rimoti ikaitika.