Pedeli ya Breki Inapozama: Mafunzo Niliyopata

Gari langu la kwanza nililinunua Tanga likiwa mkono wa tatu: gari dogo la Kijapani, diski mbele, dramu nyuma. Kwa sababu za kifamilia nililipandisha na kulishusha mara nyingi barabara ya Mombo hadi Lushoto, na kwenye kona zile mtu hujifunza breki atake asitake. Mengine nimejifunza nikiwa kwenye benchi la wateja, gereji baada ya gereji, nikiuliza maswali hadi mafundi wakachoka nami.

1. Ukiambiwa "ni upepo tu", uliza umepitia wapi.

Hii ndiyo dawa ya kila pedeli laini katika gereji zetu. Fundi anakanyaga mara moja, anasema upepo, anachukua spana. Lakini mfumo wa breki umefungwa. Upepo hauingii wenyewe. Ama kuna mtu alifungua bomba au kalipa hivi karibuni, ama mafuta yalishuka kwenye kikopo mpaka masta silinda ikavuta hewa, ama pana mahali panavuja. Kama hakuna aliyegusa kitu na kikopo kimejaa, upepo ni mtuhumiwa wa mwisho. Ukiutoa bila kujua ulikoingilia, utalipa leo na utalipa tena mwezi ujao.

2. Pedeli haizami kwa namna moja.

Hapa ndipo penye kazi yote, na haihitaji kifaa chochote zaidi ya mguu.

Pedeli inayobonyea na kudunda, ambayo ukiipampu inapanda na kukaza, ina upepo. Hewa hubanwa, mafuta hayabanwi, na kinachodunda chini ya mguu wako ni hiyo hewa.

Pedeli ambayo mkanyago wa kwanza iko chini, wa pili iko juu na ngumu, bila kudunda, mara nyingi inakuambia habari za nyuma: viatu vya breki vimelika au kile kirekebishio cha ndani ya dramu kimeganda kwa vumbi, kwa hiyo kiatu kinasafiri mbali kabla ya kugusa dramu. Breki ya mkono nayo utakuta inapanda juu sana. Fungua dramu, safisha, rekebisha. Hakuna haja ya kugusa mafuta.

Ya tatu ndiyo mbaya. Pedeli inaanza juu, ngumu kabisa, kisha inateremka polepole huku mguu umetulia. Fundi mmoja mzee pale Korogwe ndiye aliyenionyesha namna ya kuinasa. Alizima injini, akapampu mara kadhaa ili kumaliza nguvu ya busta, akaweka mguu wake wenye kandambili juu ya pedeli, taratibu. Mimi nikamwambia, "Mzee, kanyaga sana uione." Akatikisa kichwa. "Usikanyage kwa hasira, mwanangu. Ukiibana kwa nguvu raba nayo inabana, inakuficha ugonjwa. Kanyaga unavyosimama kumpisha bibi avuke."

Tukatazama. Pedeli ikaanza kushuka, haina haraka, haisiti, mpaka kandambili ikagusa zulia. Alishakagua magurudumu yote manne, makavu. Kikopo kilikuwa kwenye alama ya juu. Mafuta hayakutoka nje ya mfumo. Yalikuwa yanapita pembeni ya raba za masta silinda na kurudi yalikotoka. Kama angekanyaga kwa nguvu nilivyotaka mimi, raba ile ingetanuka, ingeziba, na gari lingepata cheti cha afya.

3. Kushuka kidogo unapowasha gari si ugonjwa.

Ukiwasha injini huku umekanyaga breki, pedeli hushuka kiasi kwa sababu busta imepata nguvu na inakusaidia. Ni dalili ya uzima. Isiposhuka, hapo uliza. Na busta iliyokufa hufanya pedeli kuwa ngumu kama jiwe, si laini, kwa hiyo anayetaka kukuuzia busta kwa sababu pedeli inazama hajui anachouza.

4. Kikopo kinachopungua kina maana mbili.

Pedi zikilika, pistoni za kalipa husogea nje, na mafuta hujaza nafasi hiyo; kiwango kinashuka kidogo kidogo kwa miezi bila tone kumwagika. Anayejaza kila mara bila kutazama pedi anajifutia ushahidi.

Kikishuka haraka, tafuta uvujaji. Tazama upande wa ndani wa matairi ya nyuma, kisha fungua dramu na uinue raba ya vumbi ya silinda ya gurudumu: pakiwa na umajimaji, umeshaupata. Fuata mabomba na hosi zake. Mahali wengi wanaposahau ni nyuma ya masta silinda, inapokutana na busta. Sili ya pale ikichoka, mafuta humwagikia ndani ya busta, chini kukavu, na mwenye gari anabaki kushangaa mafuta yanakwenda wapi.

5. Gari kusimama hakuthibitishi kwamba breki ni nzima.

Masta silinda ina vyumba viwili, kila kimoja na magurudumu yake, makusudi ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki. Kwa hiyo pedeli inaingia ndani sana, unapampu, gari linasimama kwa umbali mrefu zaidi, na mtu anazoea. Nimepanda teksi za namna hiyo. Dereva anapampu huku anapiga hadithi.

6. Kutoa upepo kunataka watu wawili, mpira unaoonyesha ndani na kipande cha ubao.

Ubao ndio siri. Masta silinda iliyotumika miaka mingi husafiri sehemu ileile kila siku. Kule mwisho, ambako pistoni haifiki, kutu na uchafu hujijengea. Msaidizi akipigilia pedeli mpaka sakafuni wakati wa kutoa upepo, raba zinapita juu ya ukwaruzo huo na kuchanika. Ndiyo maana kuna magari yaliyoingia gereji na breki laini kidogo yakatoka hayana breki. Weka ubao chini ya pedeli isifike mwisho.

Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, masta silinda iko kulia, basi kwa kawaida unaanza gurudumu la mbali, nyuma kushoto, unamalizia mbele kulia. Baadhi ya magari yana mpangilio wake, na yenye ABS huenda yakahitaji mashine ya kompyuta kufungua vali za ndani, kwa hiyo fuata kitabu cha gari. Kikopo kisikauke hata kidogo katikati ya kazi.

Na kama upepo hauishi, tazama nipo ya kalipa, ile ya kutolea upepo, iko wapi. Niliwahi kuona gari limetolewa upepo tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kumbe kalipa ya kushoto ilikuwa imefungwa kulia na ya kulia kushoto. Nipo zote zilikuwa chini. Hewa hukaa juu, na juu hapakuwa na pa kutokea.

7. Mafuta ya breki hunywa maji.

DOT 3 na DOT 4 hufyonza unyevu wa hewa. DOT 3 mpya hutakiwa kustahimili hadi nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Ikishakunywa maji, kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Sasa shuka kutoka Lushoto, pita Soni, mguu ukiwa juu ya breki njia nzima. Mafuta yanachemka ndani ya kalipa, mvuke unabanwa kama hewa, pedeli inalegea kabla hujafika Mombo. Ukikaa nusu saa breki zikapoa, pedeli inarudi, na fundi atakuambia hakuna tatizo. Lipo. Badilisha mafuta yote, angalau kila baada ya miaka miwili, kutoka kopo jipya lililofungwa, si lile lililoachwa wazi rafuni. Na teremka kwa gia ndogo, gari la otomatiki likiwa kwenye L au 2.

Oili ya injini au ya usukani usiitie humo hata tone. Raba zote huvimba na mfumo mzima unahitaji kufunguliwa.

8. Masta silinda ya mtumba siinunui.

Raba zake zina umri uleule wa zile unazozitupa.

Leo jioni, kabla ya kuzima gari, likiwa tambarare na breki ya mkono imevutwa, kanyaga breki taratibu na utulie kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini. Ikizama, usilipeleke gereji kwa kuliendesha. Mwite fundi aje lilipo.