Kabla Hujanunua Bakteria wa Karo

Karo likijaa Kariakoo, Dar es Salaam, halifichiki. Chemba inafurika, maji meusi yanakatiza mbele ya maduka, wateja wanayaruka huku wamebeba mizigo. Hapo ndipo anapotokea muuzaji na pakiti ya unga: bakteria hai, mwaga chooni, hutaita tena gari la kunyonya.

Ndugu mwenye nyumba, bakteria wa kusaga kinyesi si bidhaa adimu. Wamo ndani ya kinyesi chenyewe, mabilioni katika kila gramu, na kila anayeingia chooni anaongeza wengine. Ndani ya karo vitu vizito huzama vikawa tope, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwenda kwenye shimo la kufyonza. Kule chini hakuna hewa, kwa hiyo kazi huenda polepole hata bakteria wawe wengi kiasi gani. Mchanga, plastiki na pedi hawazisagi kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Durban, waliwahi kupima dawa za namna hii kwa tope la vyoo vya shimo, wakililinganisha na tope lisilotiwa kitu. Hawakuona tofauti ya maana.

Bakteria wa kununua wana mahali pao: mitambo inayopulizwa hewa, hasa inapoanza kazi au baada ya kemikali kuua waliokuwemo. Hata huko, mafundi wengi huchota tope la mtambo mwingine ulio hai, wakalipandikiza.

Kwa mama lishe na wenye migahawa, adui mkubwa ni mafuta. Yale ya kukaangia samaki au chipsi hupita kwenye bomba yakiwa ya moto, mbele yakapoa na kuganda ukutani, meupe kama sabuni ya kipande. Dawa ya kuyayeyusha mara nyingi huyasogeza tu hadi kwa jirani. Weka mtego wa mafuta chini ya sinki, uukombe kila wiki. Na tafadhali usimwage ndoo za klorini au asidi chooni. Unaua bakteria uliopewa bure.

Unataka kujua kama ile dawa ya pakiti inafanya kazi? Pima. Funga kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, ushushe taratibu kupitia tundu la karo hadi sakafuni, subiri dakika chache, kisha utoe. Palipozama kwenye tope patabaki peusi. Pima weusi huo kwa futi kamba, uandike. Rudia baada ya mwezi, muuzaji akiwepo. Usiwashe moto karibu na tundu, wala mtu asiingie ndani hata kumwokoa mwenzake: gesi ya humo inaua kwa pumzi chache.

Tope likifika theluthi ya kina cha karo, ita gari. Kutapisha choo mvua inaponyesha ni kuwamwagia uchafu wako watu wa Jangwani na Mto Msimbazi, na mlipuko wa kipindupindu wa 2015 ulianzia jiji hilihili. Kama bomba la majitaka limepita mtaani kwako, waulize DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka, kuhusu kuunganishwa. Kama halijapita, tope lako lifike kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti, ambako bakteria, mwani na jua hulisafisha bila pakiti yoyote. Muulize dereva anakwenda kumwaga wapi, kabla hajashusha mpira.