Kache isiyopitwa na wakati: vidokezo kutoka bonde la Kilombero

Ukiandika programu ya zahanati au ya ghala la mpunga pale Ifakara na watumiaji wakaongezeka, kanzidata itaanza kuelemewa. Dawa yake ni kache: nakala ya data inayokaa kwenye RAM za seva kadhaa zinazogawana mzigo. Kasi utaiona siku hiyohiyo. Kazi ngumu ni kuijaza na kuihuisha, na bondeni kuna watu walioikabili kazi ya namna hiyo kwa miguu. Mwaka 1996 kituo ambacho leo kinaitwa Taasisi ya Afya Ifakara kilihesabu kaya zote katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Kuanzia 1997 wadodosaji wakawa wanarudi kwenye kila kaya kila baada ya miezi minne. Nimewachukua wao kuwa kielelezo.

1. Amua ukweli unakaa wapi. Ukae kwenye kanzidata, kwenye diski. Umeme ukikatika, RAM hubaki tupu. Redis, programu inayotumika sana kwa kache, inaweza kuandika mabadiliko kwenye diski, ila ukiipangia kuandika kila sekunde, hitilafu ikitokea unaweza kupoteza mabadiliko ya sekunde moja hivi. Kwa bei ya mpunga ya leo, si neno. Kwa chanjo ya mtoto, hapana.

2. Jaza kabla ya foleni. Ukisubiri data iombwe ndipo uilete, mgonjwa wa kwanza asubuhi ndiye atakayelipia kwa kusubiri. Pakia alfajiri, kwa mafungu, zile kaya ambazo zahanati inazihudumia kweli. Zilizobaki zije zikiitwa.

3. Ufunguo, yaani jina ambalo rekodi hutafutwa nalo kwenye kache, usihame na mtu. Msimu wa mpunga, familia nyingi za bondeni huhamia shambani na kukaa huko miezi kadhaa, mbali na nyumba ya kijijini. Ndiyo maana katika ufuatiliaji ule kila mtu ana namba yake ya kudumu. Nawe fanya hivyo: usitunge ufunguo kwa jina la kitongoji wala la wilaya. Hata Halmashauri ya Wilaya ya Kilombero siku hizi inaitwa Mlimba! Katika klasta ya Redis, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi pamoja, ufunguo ndio unaoamua data iingie kwenye nafasi ipi kati ya 16,384 zilizogawanywa kwa seva. Ukiubadilisha, nakala ya zamani inaweza kubaki kwenye seva nyingine, na hakuna atakayeikumbuka.

4. Usitegemee muda wa kuisha peke yake. Hapa ndipo mifumo mingi inapokwama, kwa hiyo tukae kidogo. Kuupa ufunguo muda wa kuisha ni sawa na ile ziara ya kila miezi minne: mtoto akizaliwa siku moja baada ya mdodosaji kuondoka, daftari halimjui mpaka ziara ijayo. Watafiti waliliona hilo, wakawa na watoa taarifa vijijini wa kuandika vizazi na vifo vinapotokea. Kache nayo inataka vyote viwili. Rekodi ikibadilika, andika kwanza kwenye kanzidata, kisha futa ufunguo kwenye kache. Nasema futa, usiandike thamani mpya juu yake, kwa sababu waandishi wawili wakigongana, wa zamani anaweza kufika wa mwisho.

Hata hivyo mwanya mmoja unabaki. Msomaji aliyechukua thamani ya zamani kabla hujaandika anaweza kuirudisha kwenye kache baada ya wewe kufuta. Wahandisi wa Facebook walieleza dawa yao mwaka 2013: anayekuta kache tupu hupewa kibali, na ufunguo ukifutwa kibali kinabatilika, kwa hiyo thamani aliyoileta inakataliwa. Kwa mfumo mdogo, ipe kila rekodi namba ya toleo, na kache ikatae toleo dogo kuliko ililo nalo au lililokwisha kufutwa.

5. Funguo zisiishe pamoja. Ongeza dakika chache za kubahatisha kwenye muda wa kila mmoja. Ufunguo unaotafutwa sana ukiisha, ombi moja liende kwenye kanzidata na mengine yasubiri jibu lake.

6. Ukiandika kwenye kache kwanza na kanzidata baadaye, foleni ya mabadiliko yanayosubiri kutumwa ikae kwenye diski. Njia hii inavutia pale ambapo mtandao unakuja na kupotea. Lakini taarifa iliyokwama hutumwa tena, na kizazi kilichotumwa mara mbili kitasomeka watoto wawili. Kila badiliko liwe na namba yake ya pekee, na kanzidata ipuuze iliyokwisha kuipokea.

7. Pima usahihi, usipime kasi tu. Wengi hufurahia asilimia ya maombi yaliyojibiwa na kache, wakati jibu la haraka linaweza kuwa la wiki iliyopita. Kwenye utafiti wa kaya, wasimamizi hurudia kudodosa baadhi ya nyumba ili kukagua fomu. Kila usiku chagua funguo mia kwa kubahatisha, zilinganishe na kanzidata, na andika tofauti zote. Zikionekana, anza kutafuta kwenye kidokezo cha 4.